Tone la Maji Lilivyotufundisha Mchapuko na Kani

Naomba nafasi katika jarida letu la muhula huu niwaeleze wasomaji habari za somo moja la fizikia ambalo nalifundisha kila mwaka, na ambalo mwaka huu niligundua kwamba nilikuwa silifundishi vema. Somo lenyewe ni la mchapuko na kani. Nitaeleza kwa Kiswahili, ingawa mtihani wetu huandikwa kwa Kiingereza, kwa sababu nimeona kwamba jambo ambalo mtoto hakulielewa kwa lugha ya nyumbani halielewi zaidi kwa kukariri maneno ya lugha nyingine.

Kisa kilianza hivi. Kijana mmoja wa Kidato cha Pili alipewa nafasi nyuma ya lori lililokuwa likirudi mjini. Lori lilipokaribia kwao, hapa Kawajense, lilipunguza mwendo kwa sababu ya mashimo. Yeye hakutaka kumsumbua dereva asimamishe gari, basi akaruka. Alianguka kifudifudi, akavunjika kifundo cha mkono wa kulia.

Jioni nilikwenda kumjulia hali. Nilimkuta amekaa kibarazani na mama yake, mkono umefungwa plasta.

"Shikamoo, mwalimu," akasema.

"Marahaba. Pole sana, mwanangu. Ilikuwaje?"

"Mwalimu, lori lilikuwa linakwenda polepole tu. Nilidhani nikishaliacha lori, na mwendo wake nimeuacha humo humo."

Mama yake akatikisa kichwa, akasema kwa upole, "Na huku, mwalimu, anasema fizikia ndilo somo analoliweza."

Maneno ya mama yule yalinichoma, maana yalikuwa kweli. Wiki moja tu kabla ya hapo kijana huyo aliandika kanuni ya kwanza ya Newton katika jaribio bila kukosea hata neno moja, nami nikampa alama zote. Aliandika kwamba kitu kilicho katika mwendo huendelea na mwendo wake katika mstari ulionyooka, isipokuwa kama kuna kani inayokibadili. Aliijua kanuni kwa kalamu, lakini miguu yake haikuijua. Nikarudi nyumbani nikijiuliza ni wangapi wengine darasani waliokuwa na hali hiyo hiyo.

Siku chache baadaye nilianza somo upya. Nikawauliza wanafunzi, "Mchapuko ni nini?" Wakanijibu kwa sauti moja, kama watu waitikiao wimbo. Nikawauliza, "Nani amepata kuuona?" Kimya. Katika vitabu, mchapuko huonyeshwa kwa chombo kinachogonga nukta juu ya utepe wa karatasi kwa vipindi vilivyo sawa, lakini sisi hatukuwa na chombo cha namna hiyo kinachofanya kazi. Ndipo binti mmoja aliyekaa nyuma akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mimi nimeyaona matone ya muuza maji. Dumu lake linavuja. Kwenye mlima matone yanabanana, na kwenye mteremko yanaachana. Je, huo si mchapuko?"

Wenzake wakacheka. Nakiri kwamba nilikuwa karibu kumwambia aketi. Lakini nikamkumbuka Erasto Mpemba, ambaye mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa shule ya Magamba, aliona kwamba maziwa aliyoyatia kwenye friji yakiwa ya moto yaliganda kabla ya yale yaliyokwisha kupoa. Alipouliza, alichekwa. Mwaka 1969 yeye na Dk. Denis Osborne, aliyekuwa akifundisha fizikia katika chuo kikuu cha Dar es Salaam, walichapisha habari hiyo, na hadi leo wanasayansi wanaendelea kubishana juu yake kwa jina la Mpemba. Kwa hiyo, badala ya kumketisha binti yule, nilimwambia atuongoze barabarani.

Basi tulifanya hivi. Tulichukua dumu la lita 20, tukalijaza maji, tukalitoboa tundu dogo karibu na kitako, na kulifunga nyuma ya baiskeli. Tundu tuliliziba kwa kijiti, tukakilegeza kidogo kidogo mpaka tukahesabu matone 60 kwa dakika moja, yaani tone moja kila sekunde. Maji yakiwa mengi ndani ya dumu, kasi ya kudondoka haibadiliki upesi, kwa hiyo dumu hilo likawa saa yetu. Kupima muda kwa maji si jambo jipya. Galileo wa Italia alipoviringisha mpira wa shaba katika mfereji wa ubao ulioinama, alipima muda kwa kuyapima uzito maji yaliyotiririka kutoka katika chombo, na habari hizo alizichapisha mwaka 1638. Kama Galileo hakuona haya kutumia ndoo, sisi tuone haya kwa nini?

Kwanza mwendeshaji alikwenda mahali tambarare kwa mwendo usiobadilika. Tukayapima mapengo baina ya tone na tone juu ya vumbi, tukaona yanakaribia kuwa sawa. Kisha akaiachilia baiskeli kwenye mteremko bila kukanyaga pedali. Mapengo matano yaliyofuatana yalikuwa haya: mita 1.1, mita 1.4, mita 2.1, mita 2.4 na mita 3.1.

Tazama hesabu hizo vizuri. Pengo ni umbali uliokwendwa katika sekunde moja, kwa hiyo pengo latuonyesha mwendo. Mwendo uliongezeka toka mita 1.1 kwa sekunde mpaka mita 3.1 kwa sekunde, yaani nyongeza ya mita 2, na nyongeza hiyo ilipatikana katika hatua nne za sekunde moja moja. Gawanya 2 kwa 4, wapata nusu. Kila sekunde iliyopita iliongeza mwendo wa nusu mita kwa sekunde. Nyongeza hiyo ya mwendo kwa kila sekunde ndiyo iitwayo mchapuko. Si mwendo wenyewe. Gari laweza kwenda kasi sana bila mchapuko wowote, maadamu kasi yake haiongezeki wala haipungui, wala gari halipindi. Na baiskeli inayoanza kuondoka, ijapokuwa bado inakwenda polepole, ina mchapuko. Wanafunzi wengi hukosea mtihani hapa, na sasa najua sababu: hatujawaonyesha tofauti ya pengo na ukuaji wa pengo.

Tulipokwisha hayo, tukaja kwenye kani. Neno hili huwatatiza watoto, maana nyumbani tuna neno moja tu, nguvu, nalo limebeba mizigo mingi. Twasema mtu ana nguvu, dawa ina nguvu, sheria ina nguvu. Katika fizikia kani ni kusukuma au kuvuta tu. Nikawauliza wanafunzi, "Baiskeli ikienda mwendo usiobadilika mahali tambarare, yahitaji kani kwa ajili gani?" Karibu wote wakajibu kwamba kani ndiyo inayoifanya iendelee kwenda, ukiacha kukanyaga, husimama.

Jibu hilo ni la watu wote duniani wasiopata kufikiri sana juu ya jambo hili, na wenye hekima wa zamani walilishika kwa karne nyingi. Linaonekana kuwa kweli kwa sababu twaishi katika mchanga na vumbi. Tulipeleka baiskeli ile ile penye mchanga mwingi, ikaachiwa ikiwa na mwendo fulani, ikasimama baada ya hatua chache. Tukaipeleka penye lami kwa mwendo kama ule, ikaenda mbali zaidi mara nyingi. Mwendeshaji hakuikanyaga popote. Kilichobadilika ni kile kilichoizuia, yaani msuguano.

Wenye kuishi Mpanda wana mfano mwingine mzuri wa jambo hili. Reli yetu kutoka Kaliua, yenye urefu wa kilomita 210 hivi, ilijengwa zama za ukoloni kwa ajili ya kusafirisha madini ya risasi, ikafunguliwa mwaka 1950. Gurudumu la chuma likiviringika juu ya chuma hupata msuguano mdogo mno. Ndiyo sababu behewa zito likishaanza kwenda huendelea kuteleza masafa marefu, na dereva wa treni hana budi kuanza kushika breki mapema sana kabla ya stesheni. Fikiri sasa ukiupunguza msuguano zaidi na zaidi, mpaka usibaki hata kidogo: behewa halingekuwa na sababu ya kusimama kamwe. Hilo ndilo alilolisema Isaac Newton katika kitabu chake cha mwaka 1687. Kani haihitajiki ili kitu kiendelee na mwendo wake. Kani huhitajika ili mwendo ubadilike: uongezeke, upungue au upinde.

Niliona nyuso nyingine bado zina mashaka, basi nikafanya jaribio la tatu. Tulichora mstari kukatiza barabara. Nikamwambia mwendeshaji apite kwa mwendo wa mita 5 kwa sekunde, ashike kifuko cha mchanga mkononi, na mkono ukifika juu ya mstari akiachie tu, asikitupe. Kabla hajaanza, kila mwanafunzi alipewa kijiti akakisimike pale anapodhani kifuko kitaangukia.

Wengi walisimika juu ya mstari. Wengine walisimika nyuma yake, wakisema baiskeli itakiacha kifuko. Yule kijana wa plasta alitembea kimya, akasimika kijiti chake mbele kabisa ya wote kwa mkono wa kushoto.

"Kwa nini huko?" nikamwuliza.

"Mimi najua, mwalimu," akajibu. "Mimi niliwahi kuwa kifuko."

Darasa zima lilicheka, naye akacheka. Baiskeli ikapita, kifuko kikaachiwa, kikaanguka yapata mita 2 mbele ya mstari, karibu na kijiti chake. Hesabu yake ni nyepesi. Toka kimo cha sentimita 80 kitu huchukua sekunde 0.4 hivi kufika chini. Katika muda huo kifuko kiliendelea mbele kwa mwendo ule ule wa baiskeli, mita 5 kwa sekunde, mara 0.4, ni mita 2. Hakuna aliyekisukuma mbele baada ya kuachiwa. Kilikuwa tayari na mwendo, nao haukubaki juu ya baiskeli. Ndivyo yalivyokuwa matone yetu pia: kila tone lilitoka dumuni likiwa na mwendo wa baiskeli.

Baada ya hapo kanuni ya pili ilikuja kwa urahisi. Tulitaka kujua kani fulani huleta mchapuko kiasi gani. Tuliazima mkokoteni, na mizani ya kuning'iniza kama zile za kupimia mizigo sokoni. Maji yalitufaa tena, kwa kuwa lita moja ya maji ina tungamo la kilo moja, basi kila dumu liliongeza kilo 20 bila ya haja ya kupima. Tuliuvuta mkokoteni kupitia mizani, tukijitahidi mshale usimame mahali pamoja, huku dumu letu linalovuja likiandika mapengo chini. Tulipoongeza kani maradufu, ukuaji wa mapengo uliongezeka maradufu na kuzidi kidogo. Tuliporudi kwenye kani ya kwanza na kuongeza mzigo mpaka tungamo lote likawa maradufu, ukuaji wa mapengo ulipungua ukawa chini kidogo ya nusu. Hayo "kidogo" ni kazi ya msuguano, ambao hudai sehemu yake ya kani kabla mkokoteni haujapata kitu. Ukiutoa msuguano, yabaki maneno haya tu: kani ni sawa na tungamo mara mchapuko.

Kani hupimwa kwa nyutoni. Nyutoni moja ni kani inayolipa tungamo la kilo moja mchapuko wa mita moja kwa sekunde katika kila sekunde. Kilo moja ya sukari mkononi mwako huvutwa na dunia kwa nyutoni zinazokaribia 10. Kwa hiyo uzito ni kani, wala si tungamo. Paketi hiyo hiyo ikipelekwa mwezini itavutwa kwa kiasi kama cha moja ya sita tu, lakini sukari haitapungua hata punje.

Sasa turudi kwa kijana wetu na lori. Tulifanya hesabu hii ubaoni, naye ndiye aliyeitaka. Tuseme tungamo lake ni kilo 50, na lori lilikuwa likienda kilomita 18 kwa saa, ambazo ni mita 5 kwa sekunde. Huo ni mwendo wa baiskeli ya haraka, na mtu aliye juu ya lori huuona ni polepole. Kama angengoja, na dereva akasimamisha gari kwa sekunde 5, mwendo wake ungepungua mita 1 kwa sekunde katika kila sekunde. Kani ya kumsimamisha ingekuwa 50 mara 1, yaani nyutoni 50. Hiyo ni kama uzito wa kilo 5, robo ya dumu la maji. Kushika ubao wa lori kwa mkono mmoja kungetosha.

Lakini aliruka, akaingia hewani na mwendo wote wa mita 5 kwa sekunde, kama kifuko chetu. Ardhi haikumpa sekunde 5. Tuseme ilimsimamisha katika sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mchapuko, ambao hapa ni wa kupunguza mwendo, wawa 5 gawanya kwa 0.1, yaani 50. Kani ni 50 mara 50, nyutoni 2,500. Hiyo ni kama uzito wa kilo 250, magunia mawili na nusu ya mahindi ya kilo mia mia. Mwendo ni ule ule, mtu ni yule yule, na tofauti ni muda tu. Na sehemu ya kani hiyo ilipita katika mfupa mwembamba wa kifundo cha mkono.

Darasa lilinyamaza. Nilijua wakati huo kwamba kanuni imeingia, kwa sababu hakuna aliyekuwa akiandika.

Wazazi wangu, haya si mambo ya darasani peke yake. Abiria wa pikipiki anapogonga kitu, pikipiki husimama lakini mwili wake huendelea. Mtoto aliyepakatwa kiti cha mbele huendelea vivyo hivyo gari likifunga breki ghafula, na mikono ya mama, hata ikiwa na mapenzi kiasi gani, haiwezi kuzuia kani ya namna hiyo. Kofia ngumu na mkanda wa gari kazi yake kubwa ni kuongeza muda wa kusimama, ili kani ipungue. Hata mtu anayedaka embe kutoka mtini huvuta mikono nyuma. Hajui fizikia, lakini mikono yake imejifunza.

Walimu wenzangu, nami nina neno la kujikosoa. Miaka mingi nilianza na kanuni, kisha mifano, kisha hesabu. Sasa nimeigeuza njia. Naanza na jambo, wanafunzi wakatabiri, wakaona, wakapima, na mwisho ndipo nawapa kanuni na jina lake la Kiingereza watakalolikuta katika mtihani. Muda wa vipindi hupungua kwa njia hii, sikatai. Lakini dumu, kijiti na vumbi la Kawajense havinunuliwi, na mtoto akishasimika kijiti chake chini, atataka mwenyewe kujua kwa nini amekosea.

Binti aliyetuletea habari za matone sasa ameanza kuuliza kama mapengo yangebadilika dumu likifungwa juu zaidi. Sikumjibu. Nimempa kamba na ubao, atatuletea jibu muhula ujao.

Nawatakia wote likizo njema. Na kila atakayepanda gari kwenda kwao, nambari yake ya kukumbuka ni magunia mawili na nusu: ashuke gari likiwa limesimama.